Nauli Nafuu na Amana ya Roho



Msimu wa safari umewadia. Skuli zinakaribia kufungwa, vikundi vya Umra vinaandikisha majina, jamaa zetu walioko Maskati, Dubai na Jeddah wanahesabu siku za likizo ili waje kuwaona wazee, na wagonjwa wanaokwenda India kwa matibabu wanatafutiwa tiketi na watoto wao. Kila simu ya mkononi imejaa matangazo ya nauli, kila wakala akidai kuwa bei yake haina mpinzani. Katika pirikapirika hizi, baba wa nyumba huketi na karatasi na kalamu, akajumlisha na kutoa, na mara nyingi hesabu yake huishia kwenye swali moja tu: ni ipi iliyo rahisi zaidi?

Swali hilo si baya. Mali ni neema, na israfu ni jambo tulilokatazwa. Walakini kuna swali la pili ambalo ni haki ya wale tunaowapandisha ndege, nalo ni hili: unafuu huu umetoka wapi? Makala haya yanakusudia kulichambua swali hilo la pili, bila ya kumtisha mtu na bila ya kumsifu mwenye tiketi ghali.

Hesabu ya nyumbani

Tuchukue mfano. Familia ya watu sita inataka kwenda Umra. Wakala wa kwanza anatoa tiketi ambayo kwa kila mtu imezidi ile ya wakala wa pili kwa shilingi 12,000. Kwa watu sita, tofauti ni shilingi 72,000. Kwa nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu, hiyo ni karo ya mtoto, au kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, au dawa za mzee mwenye sukari. Mwenye kumlaumu baba huyu kwa kuichagua tiketi ya chini hajaijua hali ya watu. Wako pia ambao bila ya nauli nafuu wasingeweza kumwona mama yao kabla hajafariki. Kwa hiyo unafuu wenyewe ni kheri, na jambo la kupimwa ni chanzo chake.

Wazee wetu wa pwani waliijua hesabu hii kabla ya ndege kuvumbuliwa. Aliyetaka kusafiri kwa jahazi kutoka Lamu hadi Unguja, au kutoka Mombasa hadi Maskati, hakuuliza nauli peke yake. Aliuliza nahodha ni nani na amewahi kulivuka bahari hilo mara ngapi. Aliuliza chombo kilitiwa kalfati lini. Alitazama shehena, akapima kama chombo kimezama kupita kiasi. Aliuliza kama pepo za kaskazi zimetulia ama bado. Mwenye chombo aliyekasirishwa na maswali hayo alikuwa amejijibu mwenyewe. Na sisi wa Mombasa tunakumbuka feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994, ikaondoka na roho 272. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Kivuko kile ni kifupi, na watu walikuwa wakienda kazini kama siku zote. Hatari haikutokana na umbali wa safari.

Rahisi si lazima iwe hatari

La kwanza tunalopaswa kulielewa ni kwamba tiketi ya bei ya chini si dalili ya ndege mbovu. Yako mashirika makubwa yaliyojengwa juu ya nauli ndogo na yana sifa nzuri ya usalama. Southwest ya Marekani ilianza kubeba abiria mwaka 1971, na abiria wake wa kwanza kufa kwa ajali ndani ya ndege alifariki mwaka 2018. Ryanair ya Ireland, ambayo watu huikejeli kwa kuuza kila kitu mpaka nafasi ya begi, imebeba mamia ya mamilioni ya watu tangu miaka ya themanini bila ya ajali iliyoua abiria.

Wanafanyaje? Hutumia aina moja tu ya ndege, ili marubani wote wazijue zote na vipuri viwe vya namna moja. Ndege haikai chini muda mrefu. Hushusha, hupakia, huondoka. Viti vimebanana. Chakula, mzigo na kuchagua kiti hulipiwa mbali. Huenda katika viwanja vya pembeni ambavyo ushuru wake ni mdogo. Katika hayo yote, abiria amepunguziwa raha, hakupunguziwa usalama. Goti litakuuma, utanunua maji kwa bei ya soda mbili, lakini fundi na rubani wamepata haki yao.

Kinyume chake pia ni kweli. Tiketi ya heshima si hirizi. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilianguka punde baada ya kuruka kutoka Douala, Kamerun, usiku wa mvua, ikaua watu wote 114. Ndege ile ilikuwa mpya, haijatimiza hata mwaka kazini. Shirika lilikuwa na jina zuri Afrika nzima. Wachunguzi waliona kwamba ndege iliinama upande polepole katika giza, na marubani hawakuligundua jambo hilo hadi wakati wa kuliokoa ulipokuwa umepita. Basi upya wa ndege, rangi yake na ukubwa wa jina lake ni vitu vinavyoonekana kwa macho, ilhali vile vinavyoshikilia roho za watu aghalabu havionekani.

Mahali pasipofaa kubana matumizi

Kuna mambo matatu ambayo mwenye ndege akiyabana ili kuokoa fedha au wakati, abiria ndiye hulipa: matengenezo, mafunzo na mafuta. Tutazame mifano miwili iliyochunguzwa na kuandikwa.

Wa kwanza unatuhusu sana. Mwaka 1991, baada ya Hija kumalizika, mahujaji wa Nigeria walikuwa wakirejeshwa kwao kutoka Jeddah. Shirika lao la taifa lilikuwa limekodi ndege aina ya DC-8 kutoka kwa Nationair, kampuni ya Kanada. Tarehe 11 Julai ndege hiyo ilikuwa iende Sokoto. Mafundi walijua kwamba baadhi ya magurudumu yalikuwa na upepo pungufu, na walitaka kuyajaza. Lakini kujaza kungechelewesha safari, na msimamizi wa mradi, ambaye hakuwa fundi wa ndege, hakutaka kuchelewa. Ndege ikaondoka hivyo hivyo. Ilipokuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia, tairi zikapasuka na kushika moto kwa msuguano. Rubani, bila ya kujua, akakunja magurudumu yale yanayowaka na kuyaingiza ndani ya tumbo la ndege. Moto ukatambaa mpaka walipokaa abiria. Walijaribu kurudi Jeddah, hawakuufikia uwanja. Mahujaji 247 na wafanyakazi 14 walikufa wote, jumla roho 261. Kampuni yenyewe ilifungwa miaka miwili baadaye.

Ukiutafakari mkasa huu utaona kwamba hakuna aliyekusudia shari. Kulikuwa na ratiba, kulikuwa na mkataba, kulikuwa na umati unaosubiri na kulalamika, na kulikuwa na mtu mmoja aliyeuona upepo wa tairi kuwa ni jambo dogo. Alichotaka kukiokoa ni muda tu.

Mfano wa pili ni wa Kolombia. Tarehe 28 Novemba 2016, timu ya mpira ya Chapecoense kutoka Brazil ilipanda ndege ya kukodi ya kampuni ndogo ya Bolivia iitwayo LaMia, kwenda Medellín kucheza fainali. Mafuta yaliyotiwa yalilingana takriban na urefu wa safari, pasi na akiba ambayo kanuni inaitaka. Kabla ya kuondoka, ofisa mmoja wa uwanja aliliona jambo hilo katika karatasi za safari akalihoji. Ndege ikaenda. Ilipofika karibu na Medellín iliambiwa isubiri zamu ya kutua, mafuta yakaisha angani, injini zikazimika moja baada ya nyingine, ikagonga mlima. Kati ya watu 77, walikufa 71. Kusimama njiani kutia mafuta kungegharimu fedha na muda kidogo tu.

Usiku wa Ngazidja

Mkasa wa tatu ni wa majirani zetu, watu tunaoshirikiana nao nasaba, dini na vyakula. Wengi wetu tuna jamaa Ngazidja ama Nzuwani.

Komoro ina wana wengi waliohamia Ufaransa, hasa katika mji wa Marseille. Kila kiangazi hurudi nyumbani kwa likizo na harusi, wakiwa wamebeba zawadi za mwaka mzima. Njia za kufika Moroni zilikuwa chache, na kwa wenye kipato kidogo zilikuwa chache zaidi. Wengi wakapita Sanaa kwa ndege za Yemenia. Safari ilianza kwa ndege nzuri kutoka Ufaransa. Walipofika Sanaa walihamishiwa ndege nyingine kwa kipande cha mwisho. Abiria walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya hali ya ndege za kipande hicho hata kabla ya msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, ndege hiyo ya pili, Airbus A310, ilianguka baharini ilipokuwa ikizunguka ili itue katika uwanja wa Hahaya. Ndani yake walikuwamo watu 153. Alisalimika mmoja tu, binti wa miaka 12 aitwaye Bahia Bakari, aliyeshikilia kipande cha ndege katika bahari ya usiku mpaka mchana alipookolewa na chombo. Mama yake, waliyesafiri pamoja, alifariki.

Baada ya ajali serikali ya Ufaransa ilisema kwamba wakaguzi wake waliikagua ndege ile ile mwaka 2007 wakaikuta na kasoro kadhaa, na kwamba tangu hapo haikurudi tena Ufaransa. Hasira ya Wakomoro ilikuwa kubwa: ndege isiyoonekana tena Paris iliendelea kuwabeba wao gizani.

Hata hivyo, uchunguzi ulipokamilika, sababu iliyotajwa haikuwa uchakavu wa ndege. Ilikuwa ni namna marubani walivyoiendesha walipokuwa wakigeuka ili kutua usiku: ndege ilipoteza mwendo unaoishikilia hewani, na hawakuirejesha. Mwaka 2022 mahakama ya Paris ililikuta shirika na hatia ya kuua bila ya kukusudia, ikalitoza faini ya euro 225,000. Mahakama ililaumu mambo mawili: upungufu katika mafunzo ya marubani, na kuendelea kupeleka ndege Moroni usiku ilhali taa za uwanja zilikuwa na hitilafu ya muda mrefu. Bahia, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, alitoa ushahidi wake mbele ya mahakama hiyo.

Hapa pana somo ambalo tusiliruke. Abiria waliviona viti vibovu, na lawama yao ilikuwa ya haki. Lakini kilichowaua ni kitu ambacho abiria hawezi kukiona: saa ambazo rubani alipaswa kufundishwa na hakufundishwa, na uamuzi wa ofisini wa kwenda usiku mahali panapotaka mchana. Kwa sababu hiyo macho yetu hayatoshi. Inatubidi tuwategemee wale ambao kazi yao ni kuchungulia ndani, kisha tusome walichokiandika.

Rekodi husomwa vipi

Watu wengi wakisikia "rekodi ya usalama" hufikiri ni idadi ya ajali. Idadi peke yake hudanganya. Shirika lenye ndege tatu linaweza kukaa miaka ishirini bila ya ajali kwa kuwa safari zake ni chache, na shirika lenye safari elfu kwa siku likapata ajali moja likaonekana baya. Lililo na maana zaidi ni usimamizi: nani analikagua shirika hili, na mkaguzi mwenyewe anakaguliwa na nani?

Chombo cha kwanza kilicho wazi kwa kila mtu ni orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyozuiwa kuingia katika anga yake. Ilianza kutolewa mwaka 2006, hurekebishwa mara kwa mara, na husomwa bure kwenye intaneti. Wakati mwingine huzuiwa shirika moja, na wakati mwingine huzuiwa mashirika yote ya nchi nzima, kwa sababu mamlaka ya nchi hiyo imeonekana haisimamii ipasavyo. Mashirika yote ya Sudan na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yamekuwamo humo kwa miaka mingi. Desemba 2024 iliongezwa Air Tanzania, na Juni 2025 yakaingizwa mashirika yote yaliyopewa vyeti na Tanzania. Jambo hili linatuhusu, kwani sisi na Unguja ni watu wa mlango mmoja.

Tuisome orodha hiyo kwa uadilifu. Kuwamo humo si hukumu kwamba kila ndege ya shirika hilo itaanguka, wala si tusi kwa nchi. Ni ushahidi kwamba mkaguzi wa nje ametazama usimamizi akauona umepungua. Na nchi hutoka pia. Mashirika yote ya Indonesia yalizuiwa mwaka 2007. Yakarekebisha, yakaanza kuondolewa kidogo kidogo kuanzia mwaka 2009, na mwaka 2018 yakawa yameondolewa yote. Vilevile aliye nje ya orodha anaweza kuzuiwa. Mwaka 2020, baada ya ndege ya shirika la taifa la Pakistan kuanguka Karachi, waziri wa nchi hiyo mwenyewe alitangaza kwamba zaidi ya marubani 200 walikuwa na leseni zenye shaka. Ulaya ikalizuia shirika hilo kuruka huko, na zuio hilo halikuondolewa mpaka mwaka 2024.

Chombo cha pili ni ukaguzi uitwao IOSA, unaosimamiwa na IATA, ambacho ni chama cha mashirika ya ndege duniani. Shirika lililofaulu huandikwa katika daftari lililo wazi kwa umma, na hulazimika kukaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Mashirika madogo yenye ndege ndogo, kama zile zinazotua Manda na Kiwayu, aghalabu hayamo katika daftari hilo, na hiyo si aibu kwao. Hao tunawategemea wakaguzi wa hapa nyumbani, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Nayo mamlaka hiyo hukaguliwa na wengine. Februari 2017 Marekani iliipandisha Kenya daraja la kwanza katika usimamizi wa usalama wa anga, na ndipo ikawezekana safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York kuanza Oktoba 2018.

"Ajali haina kinga"

Atasimama mtu aseme: ajali haina kinga, na ajali na ajali ni neno moja. Iliyoandikwa imeandikwa, hata ungepanda ndege ya mfalme.

Kwamba ajali ya mja haisogei mbele wala nyuma, hilo hatulibishi. Lakini hatukuonyeshwa kitabu hicho, tulichopewa ni amri ya kuchukua sababu. Tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bedui amfunge kwanza ngamia wake kisha ategemee. Mwenye kuacha kuuliza kwa hoja ya kutegemea amemwacha ngamia wake bila ya kamba. Fauka ya hayo, wanazuoni wameihesabu hifadhi ya nafsi miongoni mwa mambo makuu ambayo sheria ilikuja kuyalinda, na kiongozi wa kikundi cha mahujaji ana amana ya nafsi nyingi ambazo hazikupewa nafasi ya kuchagua.

Upande wa pili, hofu nayo isitupotoshe. Usafiri wa ndege, ukiuchukua kwa jumla, ni salama mno. Mwaka 2023, kwa hesabu ya IATA, zilirushwa safari zaidi ya milioni 37, na ajali ya abiria iliyoua ilikuwa moja tu, ile ya Nepal, iliyoua watu 72. Linganisha na barabara zetu za Kenya, ambazo katika miaka ya karibuni zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Mtu anayeikimbia ndege ya nauli nafuu iliyokaguliwa, akapanda basi la usiku linalofukuzana na malori hadi Nairobi, hajaikimbia hatari. Ameihama ndogo akaifuata kubwa. Basi swali la usalama lianzie mlangoni kwetu, katika matatu inayompeleka msafiri uwanjani.

Maswali ya kumpelekea wakala

Kabla ya kulipa, ndugu yangu, muulize wakala mambo haya, na usione haya.

Kwanza, ndege inarushwa na nani? Tiketi inaweza kuwa na jina la shirika moja na ndege ikawa ya jingine. Mahujaji wa Sokoto waliandikiwa shirika la nchi yao, wakapanda ndege ya kampuni ya Kanada. Jina la mrushaji huandikwa katika tiketi kwa herufi ndogo. Lisome hilo, kisha ndilo ulitafute katika orodha.

Pili, nitabadilisha ndege wapi, na kipande cha pili kinarushwa na nani? Mnyororo hukatika penye pete dhaifu. Wakomoro walianza safari kwa ndege nzuri.

Tatu, kama ni ndege ya kukodi, nani ameikodi, na kampuni hiyo imeruka kwa miaka mingapi? Kampuni za msimu huzuka penye umati, na Hija na Umra ni umati.

Nne, tunatua saa ngapi na wapi? Kwenye viwanja vikubwa usiku na mchana ni mamoja. Kwenye viwanja vidogo vya visiwani na vya bara, safari ya mchana ina fadhila yake, hata kama imezidi bei kidogo.

Tano, baada ya mzigo, chakula na kiti, jumla ni ngapi? Mara nyingi tofauti iliyokuwa shilingi 12,000 hushuka ikawa 3,000 ukishaongeza begi la pili, na hapo mashaka yote yalikuwa ya bure.

Ukishajibiwa, uamuzi huwa mwepesi. Yakiwa mashirika yote mawili yamekaguliwa na hayana doa, chukua la bei nafuu kwa moyo mkunjufu, na usimwache mtu akutie wasiwasi. Likiwa moja lina shaka, kuna njia nyingine kabla ya kujitosa: kusogeza tarehe mbele mpaka bei zishuke, kwenda nje ya mwezi wa Ramadhani ambapo nauli hupanda, kupita mji mwingine, au kwenda wanne mwaka huu na wawili mwaka ujao. Umra inangoja. Hata Hija yenyewe imefungamanishwa na uwezo, na usalama wa njia umo katika uwezo huo.

Kwa wakala nako kuna neno. Wewe unayeuza ndiye unayejua yale mnunuzi asiyoyajua. Kuificha aibu ya bidhaa ni ghushi, na ghushi katika safari ya angani ni nzito kuliko ghushi katika ratili ya sukari.

Lililo mikononi mwetu abiria

Limebaki jambo moja ambalo halihitaji fedha. Mara ngapi tumekaa uwanjani, ikatangazwa kwamba ndege itachelewa kwa kuwa mafundi wanaitazama, tukapiga kelele? Tukamzunguka mhudumu, tukamtolea maneno, tukamrekodi kwa simu? Nimewaona wazee wenye heshima zao, wametoka kuhirimia, wakigombana na kijana wa dawati kwa ajili ya saa mbili. Fundi aliyesema "ngojeni" ndiye rafiki yetu wa kweli siku hiyo. Kule Jeddah mwaka 1991 alihitajika mtu mmoja tu wa kukubali safari ichelewe, na subira ya abiria ingemrahisishia kukubali. Shirika linalojua kwamba wateja wake watalisamehe kwa kuchelewa, na halitasamehewa kwa kupuuza, litajua pa kuweka fedha zake.

Kwa hiyo tukisikia tangazo la namna hiyo, tukae, tuwatafutie watoto maji, tuwapishe wazee viti, tusome nyiradi zetu. Na tukishaingia, mkanda ufungwe na ubaki umefungwa, na betri za akiba za simu zisitiwe katika mzigo wa chini, kwani zikishika moto huko hakuna wa kuuzima.

Mali hurudi kwa kazi na kwa dua. Shilingi 72,000 zinaweza kukopwa, kuchangwa na ukoo, au kupatikana mwakani. Watu sita waliokuwa wakilia chakula kimoja hawana pa kukopwa. Tuhesabu vyote viwili kwa kalamu moja.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa angani, baharini na barabarani, na awarejeshe majumbani kwao na salama. Wabillahi tawfiq.